Waja leo, waondoka leo: shajara ya mashine pepe za kuijaribu Dau

Mwezi wa tano mwaka 2025, wanawake wawili walikuja siku moja kwenye steshenari ya dada yangu hapa Ngamiani, Tanga, kuchapiwa barua za maombi ya kazi. Ya kwanza ilihifadhiwa kwa jina Barua.docx, ya pili barua.docx. Kwenye kompyuta ya Linux anayoandikia dada, hayo ni mafaili mawili tofauti. Programu yangu, Dau, ikayahamisha kwenda kompyuta ya Windows yenye printa, na kule B kubwa na b ndogo ni jina lilelile. Barua ya pili ikakaa juu ya ya kwanza. Mama wa kwanza akapewa barua ya mwenzake ndani ya bahasha, akaipeleka hivyohivyo. Kesho yake alirudi. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya kumwomba radhi na kumchapia nyingine bure.

Dau inahamisha mafaili kati ya simu na kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani, bila bando na bila flashi, maana flashi ndizo zinazotuletea virusi. Niliijaribu kwenye kompyuta mbili nilizokuwa nazo, nikaridhika. Makosa yalikuwa hapo.

Sasa nataka kila usiku mashine pepe, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta moja halisi, za Windows 10, Windows 11 na Ubuntu ziwake zenyewe, zipeane mafaili, zilinganishe kilichotumwa na kilichofika, kisha zizimwe na zitupwe. Naandika kila hatua inapoisha, pamoja na gharama zake, ili mwenye programu kama yangu asirudie makosa haya.

14 Juni 2025: Kompyuta mwenyeji

Nimenunua kompyuta ya mezani ya mtumba yenye prosesa ya Core i5-8500, viini sita, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Shilingi 520,000. Nimeweka Ubuntu Server 24.04, halafu KVM, QEMU na libvirt, programu za kuendeshea mashine pepe. KVM ilikataa kuwaka mwanzoni kwa sababu uwezo wa mashine pepe ulikuwa umezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta. Kabla hujanunua mtumba, mwombe muuzaji afungue BIOS mbele yako uone kama chaguo hilo lipo.

Nikajidanganya kwamba GB 8 zitatosha kuanzia. Windows 11 peke yake inadai GB 4 ili ikubali kusakinishwa. Nilipowasha wageni watatu, yaani mashine pepe zenyewe, kwa pamoja, kompyuta ikaanza kuhamishia memori kwenye diski, na majaribio yakaanguka ovyo kwa kuchelewa. Nilipoteza jioni mbili nikitafuta dosari ndani ya Dau ambayo haikuwepo. Nimenunua vijiti viwili vya GB 16 kwa shilingi 210,000 na SSD ya TB 1 kwa 190,000. Fedha hizi zingetoka siku ya kwanza ningeokoa hizo jioni mbili.

21 Juni 2025: Kusakinisha wageni

Nimetumia matoleo ya tathmini ya Windows 10 na 11 Enterprise, ambayo yanaruhusiwa kutumika siku 90 bila kununua leseni. Faili la kusakinishia lina ukubwa wa GB kadhaa. Nilipakua usiku kwa bando la usiku, likakatika mara tatu. Tumieni wget -c ili liendelee lilipoishia, na mkimaliza mlilinganishe kwa SHA-256, hesabu inayotoa namba ya kulitambulisha faili, na namba iliyotolewa. Mimi sikulinganisha mara ya kwanza, na usakinishaji ukafia katikati kwa ujumbe usioeleweka. Bando zote za mradi mpaka leo ni kama shilingi 60,000.

Mambo mawili yatakayowasimamisha. La kwanza, Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ukaguzi wa usalama wakati wa kuwaka). Sakinisheni swtpm, ambayo ni TPM ya kuigiza, na OVMF, inayochukua nafasi ya BIOS ndani ya mashine pepe, kisha mziwashe kwenye maelezo ya mashine. La pili, mkichagua diski ya aina ya virtio kwa ajili ya kasi, kisakinishi cha Windows kitasema hakioni diski yoyote. Diski ipo, draiva, yaani programu ya kuisomea, ndiyo haipo. Ambatisheni faili la virtio-win kama CD ya pili, na kisakinishi kikiuliza diski, mpeni draiva kutoka humo.

Ndani ya kila Windows nimewasha seva ya OpenSSH, ambayo huja kama nyongeza ya hiari, ili skripti yangu ya Python iweze kuingia na kutoa amri bila mtu kugusa kipanya.

Mac sina. Leseni ya macOS inairuhusu iwe mashine pepe juu ya kompyuta za Apple tu, na sitaki kujenga kazi yangu juu ya kitu ambacho sitaweza kukieleza hadharani. Kaka mmoja wa Chumbageni anayepiga video za harusi ana Mac mini, amekubali niitumie Jumamosi asubuhi kabla hajaenda kazini. Basi Mac itajaribiwa kwa mkono.

29 Juni 2025: Diski mama na diski mtoto

Huu ndio moyo wa kazi yote. Mashine iliyokwisha kutumika kwa jaribio moja haifai kwa jaribio la pili, kwa kuwa ina mabaki: mafaili, mipangilio, ruhusa zilizokwisha kutolewa. Jaribio la pili linafaulu kwa sababu la kwanza lilitandika njia. Mteja hana mabaki hayo.

Kwa hiyo kila mfumo una diski mama moja, iliyosakinishwa vizuri na kufungwa. Kila jaribio linapoanza, skripti inatengeneza diski mtoto juu yake:

qemu-img create -f qcow2 -b win11-mama.qcow2 -F qcow2 win11-mtoto.qcow2

Mtoto anazaliwa kwa chini ya sekunde moja na anaanza na ukubwa wa kilobaiti tu, kwa kuwa anahifadhi yale yaliyobadilika peke yake. Mengine yote anayasoma kwa mama. Jaribio likiisha, mtoto anafutwa. Sisi wa Tanga mji wetu unaitwa "waja leo, waondoka leo", basi folda ya diski hizi nimeipa jina waja-leo, na kinachoingia humo hakilali.

Kosa langu la kwanza hapa lilinipotezea siku nzima. Niliwasha watoto wawili wa Ubuntu kutoka kwa mama mmoja, na wote wakapewa anwani moja ya IP. Anwani zao za MAC (za kadi ya mtandao, si kompyuta ya Mac) zilikuwa tofauti, nilizikagua mara nne. Kumbe Ubuntu Server inapoomba anwani kwa DHCP, mfumo unaogawa anwani za IP, inajitambulisha kwa kitambulisho kinachotokana na faili la /etc/machine-id, na faili hilo walilirithi wote kwa mama. Seva ya DHCP ikaona ni mtu mmoja amekuja mara mbili. Dawa ni kulifanya faili hilo tupu ndani ya mama kabla ya kumfunga (truncate -s 0 /etc/machine-id), na kila mtoto atajitengenezea lake anapowaka. Futeni pia funguo za seva ya SSH ndani ya mama, na hakikisheni mtoto anatengeneza zake kabla SSH haijawaka.

7 Julai 2025: Mtandao

Sabasaba, steshenari imefungwa, nimepata siku nzima.

Libvirt inakupa mtandao wa 192.168.122.0/24 ambao wageni wanatoka nje kwa kujificha nyuma ya mwenyeji. Kwa kuvinjari unatosha. Kwa Dau hautoshi, kwa sababu Dau inawatafuta wenzake kwa mDNS: inatangaza kwenye anwani ya 224.0.0.251, mlango wa 5353, na tangazo hilo halivuki kwenda mtandao mwingine. Simu yangu halisi haikuwaona wageni, wala wageni hawakuiona simu.

Nikajaribu kujenga daraja ili wageni wakae kwenye mtandao mmoja na simu, lakini kompyuta ilikuwa imeunganishwa kwa Wi-Fi. Haifanyi kazi. Ruta hukubali pakiti za anwani ya MAC ya kifaa kilichojitambulisha kwake tu, na wageni wana anwani zao wenyewe. Nimenunua swichi ya milango minane kwa shilingi 45,000 na nyaya tatu kwa 18,000, daraja likakubali papo hapo.

Baadaye nimegawa mara mbili. Majaribio ya usiku yanakaa kwenye mtandao uliofungwa, usio na njia ya kutoka, ili Windows isianze kujisasisha katikati ya jaribio na kuniwashia upya mashine. Daraja linatumika pale ninapojaribu na simu mkononi.

Mtandao uliofungwa ukaleta shida yake. Windows isipoona ruta, inauita mtandao usiojulikana na kuuhesabu kuwa wa hadharani, kisha faiwoli inazima ugunduzi wote. Dau ilikaa kimya upande wa Windows bila kutoa kosa lolote. Nimeongeza kanuni ya faiwoli inayoiruhusu Dau kwenye aina zote za mtandao, na nimeiweka ndani ya kisakinishi cha Dau chenyewe badala ya kuiweka kwenye diski mama. Ningeiweka kwenye mama, majaribio yangefaulu na wateja wangebaki na ukimya uleule. Chochote mnachokirekebisha ndani ya mama, jiulizeni kama mteja naye anacho.

19 Julai 2025: Majina ya mafaili

Jaribio la kwanza kuandikwa lilikuwa la zile barua mbili. Sasa Dau ikikuta jina linalogongana inaandika "barua (2).docx" na kumwambia mpokeaji. Windows zote mbili zimefaulu. Kwa diski ya kawaida ya Mac hali ni kama ya Windows, nayo haitofautishi herufi kubwa na ndogo; nilithibitisha Jumamosi.

Kisha likaja jambo lililonitisha kuliko yote. Katika orodha ya majina ya majaribio niliweka "Kikao: muhtasari.pdf", kwa kuwa watu wa vikundi vya kuweka na kukopa huandika hivyo. Linux inaikubali alama ya nukta mbili ndani ya jina. Jaribio likatuma faili kwenda Windows, likalifungua kwa jina lilelile, likapiga hesabu ya SHA-256, na hesabu zikalingana. Limefaulu. Siku tatu nzima liliandika limefaulu.

Niliingia kwenye mashine ya Windows kwa sababu nyingine kabisa, nikafungua folda, nikaona faili linaloitwa "Kikao", ukubwa baiti 0. Muhtasari haupo. Kwenye diski za NTFS, mpangilio wa diski wa Windows, nukta mbili zina maana yake: kinachozifuata ni jina la mkondo wa pembeni uliofichwa ndani ya faili. Dau ilikuwa imetengeneza faili tupu "Kikao" na kuuzika muhtasari wote kwenye mkondo ambao hakuna mteja atakayeuona kwa kubofya. Jaribio langu lilipofungua kwa jina lilelile, lilifunguliwa mkondo uleule, basi likasoma kila kitu sawasawa. Kaburi lilikuwa na maiti yake ndani, ila juu hakukuwa na alama.

Nilikaa na jambo hili usiku ule. Kuna faili la mtu lingetumwa, Dau ikasema limefika, mtumaji akalifuta kwake, na katibu wa kikundi akabaki na faili tupu.

Nimerekebisha pande mbili. Dau sasa inabadilisha alama zote ambazo Windows haizikubali ( < > : " / \ | ? * ) kuwa kistari cha chini kabla ya kuandika, pamoja na majina yaliyotengwa kama CON, PRN, AUX, NUL, COM1 na LPT1. Na majaribio yote yameandikwa upya: hayafungui faili kwa jina lililotumwa. Yanaorodhesha folda kama anavyoiona mteja, yanahesabu mafaili, yanasoma ukubwa, kisha ndipo yanafungua kila kilichoorodheshwa na kupiga hesabu. Nilipoyaendesha hivyo, majaribio manne yaliyokuwa yakifaulu yalianguka siku hiyohiyo.

Siku hiyo nikaongeza pia majina ya kwetu. Neno "ng'ombe" liliua skripti yangu ya bash kwa sababu kibainishi kilifunga nukuu kabla ya wakati wake. Nimeacha kupitisha majina ndani ya amri. Sasa yanapita ndani ya faili la orodha. Halafu simu na Word hubadilisha kibainishi kilichosimama kuwa kilichopinda, basi "Ng'ombe.pdf" na "Ng’ombe.pdf" ni mafaili mawili yanayofanana machoni. Hapo nimeamua Dau isiyaunganishe. Ni kazi ya mwenye faili kuamua.

Kwa Kiarabu ni tofauti. Wanafunzi wa madrasa hutuletea mafaili yenye majina ya Kiarabu, na alifu yenye madda (آ) inaweza kuandikwa kwa alama moja au kwa alifu na madda mbalimbali. Msomaji haoni tofauti, na wala hakukusudia tofauti. Faili lililotoka kwenye diski ya zamani ya Mac lilikuja kwa alama mbili, na Linux ikalihesabu kuwa jipya. Hapa Dau inayageuza yote kuwa umbo moja, NFC (lile la alama moja), kabla ya kulinganisha.

2 Agosti 2025: Saa

Wageni wa Windows walikuwa nyuma kwa saa tatu kamili. Sisi tupo saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa. Linux huweka saa ya maunzi kwa UTC, Windows huiamini saa hiyo kuwa ni ya hapa nyumbani. Kwenye maelezo ya mashine za Windows andikeni clock offset='localtime'.

La pili lilikuwa zito zaidi. Ili kuokoa muda wa kuwaka, nilikuwa nimehifadhi mashine zikiwa tayari zimewaka, memori na yote. Zikirudishwa zinaendelea papo hapo, lakini zinaamini bado ni tarehe 21 Juni. Mtandao umefungwa, hakuna wa kuzisahihisha. Jaribio la faili lililohaririwa pande mbili likaonyesha Dau ikitupa toleo jipya la Windows na kubakiza la zamani la Ubuntu, kwa sababu tarehe ya Windows ilikuwa ya nyuma.

Ningeweza kusahihisha saa za wageni na kuendelea. Lakini kompyuta za steshenari zetu nyingi ni za mtumba, betri ya bodi imekufa, na kila umeme ukikatika zinarudi miaka nyuma. Kosa la mashine yangu ni hali halisi ya wateja wangu. Dau haitumii tena saa kuamua nani mpya. Inahesabu matoleo kwa namba na kulinganisha kwa SHA-256, na pande zote mbili zikiwa zimebadilika inabakiza mafaili yote mawili. Mashine za kawaida sasa zinasahihishwa saa zinapowaka, na nimeacha mgeni mmoja makusudi mwenye saa mbovu.

8 Agosti 2025: Umeme

Diski mama ya Windows 11 imekufa. Nilikuwa nimeweka cache='unsafe' kwenye diski zote kwa ajili ya kasi. Kwa mpangilio huo QEMU hainyanyui mkono kuhakikisha data imefika kwenye diski halisi; inamjibu mgeni kwamba tayari. Jana usiku nilikuwa nimemfungua mama kumwekea masasisho, umeme ukakatika. Asubuhi qemu-img check ilitoa orodha ndefu ya makosa, na Windows haikuwaka.

Nimejenga upya kwa mkono kuanzia jioni hadi usiku wa manane. Mpangilio wa sasa: unsafe ni kwa diski mtoto tu, maana mtoto akiharibika anatupwa hata hivyo. Mama anafungwa kwa chmod 444, na nakala yake inakaa kwenye diski ya nje. Nimenunua UPS ya VA 650 kwa shilingi 170,000, inatosha kuzima kila kitu kwa utaratibu. Jumla ya mradi mpaka hapa, pamoja na bando: shilingi 1,213,000.

24 Agosti 2025: Kushindwa kwa nadra, na saa nane

Jaribio moja la Windows lilikuwa likianguka siku moja na kupona siku ya pili. Kishawishi cha kulirudia tu mpaka lifaulu ni kikubwa. Niliendesha mara 200 mfululizo kwa diski mtoto mpya kila mara. Likaanguka mara 17, zote mahali pamoja. Dau hupokea faili kwa jina la muda, kisha hulibadilisha jina likikamilika. Katika sekunde ileile kingavirusi hulifungua kulikagua, na Windows hukataa kubadilisha jina la faili lililoshikwa na programu nyingine, kosa namba 32. Dau sasa inasubiri na kujaribu tena, mara kumi, kila mara ikisubiri zaidi kidogo. Mara 200 nyingine, haikuanguka hata moja. Msizime kingavirusi ndani ya mama ili majaribio yapite. Mteja wenu hajaizima.

Nimeongeza flashi ya kuigiza yenye FAT32, mpangilio wa diski wa zamani. Video ya harusi ya GB 5 haiingii humo, kikomo cha faili moja ni GB 4 kasoro baiti moja. Dau ilikuwa ikiandika mpaka kikomo kisha inakufa na kuacha kipande. Sasa inakagua ukubwa kabla ya kuanza na kumwambia mtu sababu. Yule kaka wa Chumbageni ndiye aliyenionyesha, flashi ikiwa mkononi na maharusi wakisubiri.

Majaribio yote yanachukua dakika 52. Nilimwambia mdogo wangu ayapange kwenye cron, programu ya kuanzisha kazi kwa saa, yaanze saa nane usiku. Akaandika 8. Cron inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo kazi ikaanza saa mbili asubuhi, steshenari imejaa wateja, mtandao wote ukawa mzito. Saa nane usiku ni 2. Nimeandika hivyo kwa herufi kubwa juu ya faili lenyewe.

13 Septemba 2025: Kujenga mama upya

Windows 10 niliisakinisha tarehe 21 Juni, basi siku zake 90 zinaisha tarehe 19 Septemba. Baada ya hapo inajizima kila saa moja. Kuzaa watoto wapya hakurudishi siku, kwa kuwa siku zinahesabiwa tangu kusakinishwa kwa mama. Nisingependa kukaa tena usiku mzima nikibofya, kwa hiyo wiki mbili hizi nimeandika faili la autounattend.xml linalojibu maswali yote ya kisakinishi: lugha, diski, mtumiaji, draiva za virtio. Likimaliza, skripti inaingia kwa SSH kumalizia.

Mara tano za kwanza zilishindwa, nne kati ya hizo kwa sababu ya njia ya draiva. Ndani ya virtio-win kila toleo la Windows lina folda yake, na herufi ya CD hubadilika kulingana na idadi ya CD ulizoambatisha. Nimeandika njia zote kwa herufi D, E na F, Windows inachukua inayoikuta. Mara ya sita ilikwenda yenyewe mwanzo hadi mwisho kwa dakika 41. Nimejenga 10 na 11 zote leo.

Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yanakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Sitaiondoa. Steshenari mbili kati ya tatu zinazotumia Dau zina Windows 10, na hazina fedha ya kubadilisha mwaka huu.

Kilichobaki: mafaili yanayotumwa wakati Wi-Fi ya simu inakatika na kurudi, ambayo bado nayajaribu kwa kutembea na simu kutoka dukani hadi barabarani na kurudi, na Mac, ambayo bado ni Jumamosi kwa Jumamosi. Mama wapya wanadumu hadi 12 Desemba.